Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Ruhusu gitaa moja kwenye chumba cha mashine

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: OMBI LA MUZIKI WA ANA KWA ANA KWA WAGONJWA WANAOSAFISHWA DAMU

Mheshimiwa, pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni binti wa mgonjwa wa figo hapa Dar es Salaam. Mama yangu husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Nyumbani kwetu tunasema "leo siku ya mashine", na kila kitu kinapangwa kufuata siku hizo, hadi harusi na misiba. Nimepiga hesabu: kwa mwaka ni saa 624, sawa na siku 26, usiku na mchana, mtu yuko kwenye kiti kilekile na mkono mmoja hautakiwi kusogea.

Saa ya kwanza huwa si mbaya. Mgonjwa ameshapimwa uzito, ameshachomwa sindano mbili nene, moja ya kutoa damu na nyingine ya kuirudisha, na bado ana maneno ya kumwambia jirani yake. Kuanzia saa ya tatu mambo hubadilika. Maji mengi yameshatolewa mwilini, presha inaweza kushuka, na misuli ya mguu hukaza ghafla. Nimemwona mama yangu, mwanamke aliyezaa watoto watano bila kelele, akiuma pindo la kanga. Televisheni iko ukutani, lakini wakati huo hakuna anayeitazama. Wanatazama saa.

Mwaka jana kijana mmoja alimsindikiza baba yake akiwa na gitaa mgongoni, kwa kuwa alikuwa anatokea mazoezini. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje. Akaanza kupiga taratibu, miondoko ya dansi ya zamani, bila kuimba. Muuguzi mmoja akausukuma mlango ukabaki wazi nusu. Kutoka nilipokaa niliuona mguu wa mama chini ya shuka, kidole gumba kinapiga pigo. Mzee wa kiti cha pili akaanza kuimba kwa sauti ya chini, akasahau maneno, mama akamkumbushia. Ilidumu labda dakika kumi. Kisha mlinzi akaja kusema hakuna kibali cha muziki wodini, na kijana akafungasha gitaa lake. Simlaumu mlinzi. Kweli kibali hakikuwepo, na ndicho ninachokuja kukiomba kwako.

Mheshimiwa, jambo hili halikuanzia kwenye benchi letu. Nchini Italia, Francesco Burrai na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti juu ya saksafoni iliyopigwa moja kwa moja mbele ya wagonjwa walio kwenye mashine. Walipima maumivu, kuwashwa kwa ngozi na hali ya hisia, wakaona nafuu. Mwaka 2019 wakachapisha mwingine juu ya uimbaji wa moja kwa moja. Kuwashwa huko wenye figo wanakujua: mama hujikuna mgongo kwa kichana usiku.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusiweke redio. Redio haimwoni mgonjwa. Mpigaji aliye hapo huona nani amefumba macho akapunguza sauti, huona nani ameomba akamchagulia wimbo wa kwao. Mama ni mtu wa Tanga. Mpigie taarabu ya zamani na atakuhesabia mpaka waliocheza harusini kwake.

Wapigaji tunao. Bagamoyo ipo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, inayofundisha sanaa tangu ikiitwa Chuo cha Sanaa miaka ya 1980. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanafunzi wa muziki. Unguja wapo wanaojifunza udi na kanuni, ala za nyuzi za taarabu. Wanafunzi hawa wanahitaji mahali pa kufanyia mazoezi kwa vitendo, na nauli yao haiwezi kuishinda wizara.

Ninaomba mwongozo wa ukurasa mmoja tu. Mpigaji mmoja au wawili, ala isiyotumia spika, ili wauguzi wasikie mashine ikilia. Anawe mikono, ala ifutwe, asimguse mgonjwa wala mirija. Kila mgonjwa aulizwe kwanza, maana wapo wanaotaka kulala na usingizi wao ni haki yao. Na nasema hili kwa moyo mweupe kabisa: usiwe mlango wa mahubiri. Chumba kile kina Waislamu na Wakristo wasioweza kusimama wakatoka. Kaswida au wimbo wa kwaya upigwe pale mgonjwa mwenyewe alipouomba.

Najua yapo makubwa zaidi. Najua bei ya kila kipindi, na najua familia zilizouza kiwanja. Sisemi gitaa lichukue nafasi ya mashine wala bima. Lakini mambo hayo yanasubiri bajeti, na hili linasubiri saini yako.

Mama hufungwa kwenye mashine saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Saa ya tatu kwake huanza saa mbili kamili. Kijana yule bado anamsindikiza baba yake, na gitaa sasa huliacha nyumbani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Binti wa mgonjwa, Dar es Salaam