Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Miti Mikavu ya Mjini

Ndugu wanachama, wazee wetu, na akina mama mliotoka Newala na gari la alfajiri, karibuni Mtwara. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi niseme ya miti tuliyoichonga.

Mwaka huu tuliomba miti mitatu ya barabarani iliyokuwa ikisubiri kukatwa, tukapewa: miembe miwili na mwarobaini. Kilichoiua tunakijua. Mtaro ulichimbwa ukakata mizizi, sementi ikamwagwa mpaka shinani. Badala ya kuiacha iwe mkaa, tuliichonga palepale ikiwa imesimama.

Mwembe wa kwanza tuliuharibu, na kosa ni langu. Nilitaka uishe kabla ya Nanenane, wageni wa maonyesho ya Ngongo, Lindi, wauone. Majani yalikuwa yamekwisha, ila ndani ungali na maji. Tukachonga watu waliopandiana mabegani, mtindo wa ujamaa. Wiki chache tu, ufa ukapanda toka kitovuni kwa mama wa chini hadi kidevuni kwa mtoto wa juu, mchwa wakaingilia humo. Mkono uliozoea mpingo, mwembe unaudanganya: unakatika kama muhogo.

Wa pili tuliuambua magome, tukauacha kiangazi chote ndipo tukaushika. Shina tulilipaka mafuta ya maganda ya korosho, mchwa hawayapendi. Wala ngozi haiyapendi, vijana wawili walitoka malengelenge. Glavu zinunuliwe. Mti haujapasuka.

Wanaosema kazi ya Mmakonde ni mpingo, sibishi. Lakini mpingo hukomaa kwa miaka 70 na zaidi, na kijana anayeanza kushika patasi hana haki ya kujifunzia humo.

Kwenye mwarobaini tulivutana. Vijana walichora sura ya mapiko, yaani vinyago vinavyovaliwa na wacheza ngoma wa Kimakonde, wazee wakakataa, nami niko nao: lipiko lina siri yake na ngoma yake, halikai njia panda likazoeleka kama kibao cha duka. Tukaafikiana kuchonga mwanamke anayebangua korosho. Mikono imekwisha, hata kijiti alichoshika kinaonekana. Uso bado, kwa sababu kuna fundo gumu limekaa palepale penye jicho la kushoto. Fundi anataka kulichimba, mimi nasema liachwe liwe jicho. Mwenye rai nyingine aje Jumamosi asubuhi, na tezo yake.