Msihesabu vichwa mkasahau tela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye malori, hasa wale wanaopeleka mizigo Tunduma, Zambia na Kongo. Mimi ni fundi wa tela. Nilianza kama utingo mwaka 1998, nikahamia gereji, na sasa nina miaka kumi na tisa katika yadi moja hapa Visiga, mkoani Pwani, kazi yangu ikiwa kukagua tela kabla hazijatoka. Kila mwisho wa Desemba tunaulizwa swali lilelile: mwaka mpya tunaingia na gari ngapi nzima? Jibu linalosubiriwa ni idadi ya vichwa, yaani magari ya mbele yenye injini yanayovuta tela. Kichwa kinaulizwa injini, giaboksi, kilomita na mafuta kinayokula. Tela inahesabiwa kwa kuwapo tu.

Jambo hili linaninyima usingizi, na nitaeleza kwa nini. Kichwa kina dereva wake. Analala humo, anapikia ubavuni mwake, na akisikia mlio asioujua anapiga simu siku hiyohiyo. Tela haina mwenyewe. Leo imefungwa kwenye kichwa hiki inapanda na kontena la futi 40, baada ya wiki tatu imefungwa kwenye kingine inashuka na shaba. Anayeikuta na kasoro anaona ni ya mwenzake, na anayeiacha anaona atashughulika nayo atakayeichukua. Tena haina saa ya kilomita. Ina namba yake ya usajili na bima yake, lakini ukiuliza imetembea kiasi gani tangu ibadilishwe beringi, kama fundi hakuandika mahali, hakuna ajuaye. Dar es Salaam hadi Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 900, na hapo Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, bado.

Mwezi uliopita tulianza kukagua tela zetu 26 kwa ajili ya mwaka unaokuja. Ya nne ilikuwa imetoka kupakwa rangi, inang'aa, na vibati vya kuakisi mwanga vipya nyuma. Nikatandika boksi nikalala chini na tochi. Nilichora chaki kwenye ufito wa kila busta ya breki (kopo la upepo linalosukuma ufito ili breki ikaze), pale unapochomoza, kisha nikamwita kijana aliyekuwa juu kwenye kichwa: "Kanyaga! Shikilia!" Ekseli ya mbele, fito zilitoka karibu inchi mbili na nusu. Kwa busta za namba 30 tulizonazo, ukizidi inchi mbili breki inatakiwa kukazwa kabla gari halijaondoka. Ekseli ya kati, upande wa kulia ufito ulitoka vizuri. Kushoto haukutikisika kabisa.

Nikaufuata mpira wa upepo kwa vidole, kwa sababu ulikuwa na matope huwezi kuuona, mpaka nikafika mahali ulipokatwa na kuzibwa kwa bolti, kisha ukazungushiwa kipande cha tyubu na waya. Nikaelewa. Mpira wa ndani ya busta ulipasuka safarini, upepo ukawa unavuja, na mtu akaziba ili gari lifike. Simlaumu. Ukiwa katikati ya Mbuga ya Mikumi usiku, na mzigo wa watu, na kuna wanyama, unafanya unachoweza. Ninachouliza ni safari ngapi tela ile imekwenda na bolti ile. Kutu ilikuwa imejaa hadi kwenye nyuzi zake. Si kutu ya wiki moja.

Sasa fikiria Kitonga, ule mteremko mkali wa kona kule Iringa. Tela ya ekseli tatu inaruhusiwa kuweka tani 24 juu ya ekseli zake. Kama breki za tela hazishiki, uzito wote huo unakisukuma kichwa, na ngoma za kichwa ndizo zinazofanya kazi ya wote. Ngoma ikipata moto inatanuka, inajitenga na laining inayoibana, dereva anakanyaga hadi mwisho na gari halimsikii. Anayeshuka na shaba kutoka Kongo ndiye anayekuta mteremko ule huku mgongoni pakiwa pazito. Anayekwenda Tunduma ana mteremko wa Iwambi, Mbeya, na chini yake Mbalizi, penye watu, bodaboda na magenge ya ndizi. Ajali ikitokea tunasoma kwamba lori lilifeli breki. Nikisoma hivyo huwa najiuliza zile breki za tela zilikufa lini.

Tangu mwaka 2019, tulipoanza kutumia sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, wenye malori tumejifunza kuheshimu mizani, na ni jambo jema sana kwa barabara zetu. Mizani ya Vigwaza ipo mbele yetu kidogo, na madereva wetu wanajua uzito wa kila kundi la ekseli kama wanavyojua majina ya watoto wao. Natamani bidii hiyohiyo iende kwenye breki, kwa sababu gari linaweza kupita mizani bila doa huku nusu ya breki zake zimezibwa kwa bolti.

Wabebao salfa kwenda migodini wana balaa jingine. Salfa ikimwagika kwenye sakafu ya tela na ikakutana na mvua, inakula chuma. Tela tuliyoinunua ikiwa nzuri kabisa, nimeigonga kwa nyundo kwenye boriti ya kati, karibu na miguu, na nyundo ikaingia. Juu rangi ilikuwa nzima. Tela inayobeba salfa ioshwe kwa maji mengi kila inaposhusha, mpaka kwenye pembe za boriti, si kufagiliwa tu. Gharama ya maji na kijana wa kuosha ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya chesisi.

Kingipini, ile pini inayoifunga tela kwenye kichwa, nayo ipimwe kwa kalipa, isikadiriwe kwa macho. Mpya ina milimita 50.8. Ikishuka hadi 49 inatolewa. Loki za kontena zote zifunguke na kufunga kwa mkono. Nimeona zilizofungwa kwa nondo. Tairi ni kumi na mbili kwa tela moja, na mwenye mali anayajua matatizo yake, sitapoteza nafasi.

Katika zile 26, nilisema kumi na mbili zitoke, nane zina kazi ya siku moja hadi tatu, na sita zisitoke kabisa. Bosi hakufurahi. Akaniambia, "Fundi, sita? Mzigo upo bandarini unasubiri." Nikamwambia, "Mzee, karibu chini uone." Ni mtu mzima, ana shati lake safi, lakini alilala kwenye boksi langu nikampa tochi. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipotoka akajipangusa magoti, akasema zibaki. Nampa heshima yake kwa hilo, kwa sababu najua tela moja isipopanda mwezi mzima inamgharimu kiasi gani.

Ombi langu kwa wamiliki ni hili. Kila tela iwe na daftari lake, lenye namba yake ya usajili juu ya jalada, likae yadi na liandikwe kila inapoingia: imefungwa kwenye kichwa gani, imebeba nini, imefika wapi, nani ameikuta na kasoro gani. Kuna visaa vya kufunga kwenye hab ya gurudumu vinavyohesabu kilomita, anayeweza avinunue. Dereva anayeripoti kwamba ameziba mpira wa upepo njiani asikatwe mshahara wala kugombezwa, maana ukimgombeza leo, kesho atanyamaza.

Najua wenzetu wenye tela mbili au tatu watasema hawana uwezo wa kuzilaza. Nawaelewa, nimefanya kazi kwa watu wa aina hiyo. Lakini gari likisubiri kupakia bandarini, au likiwa kwenye foleni ya Tunduma, ule ni muda. Chaki na tochi utingo anaweza kubeba kwenye kabini, na kupima busta sita hakuzidi nusu saa.

Hadi naandika barua hii, tela nne kati ya zile sita zimekamilika. Ya tano inasubiri ekseli. Ile ya bolti tumeifungulia busta zote, tumeweka mipira mipya, na kesho asubuhi tutaipakia kontena na kuishusha kwenye mteremko mfupi wa barabara ya yadi, mara kumi, kabla sijaiandikia kwamba iko tayari kwa Januari.

Fundi wa tela,
Visiga, Kibaha.