Wavulana Wafundishwe Usafi wa Moyo, Wasitishwe na Miili Yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie malezi ambayo makanisa yetu huwapa wavulana kuhusu mwili na tamaa zake. Nimefundisha vijana wa kipaimara kwa miaka mingi, na katika semina nyingi nilizohudhuria mambo huenda vilevile: wasichana hukalishwa na akina mama wakahojiwa kuhusu urefu wa sketi zao, ilhali wavulana huonywa juu ya zinaa kwa maneno machache ya kutisha, kisha wakaruhusiwa kwenda kucheza mpira.

Kijana wa miaka 14 aliyepata ndoto nyevu hana wa kumuuliza. Wapo walionijia wakiamini kwamba wametenda dhambi wakiwa usingizini, na ya kwamba Mungu amewakataa. Torati yenyewe haikuwa kali kiasi hicho, kwa maana Mambo ya Walawi sura ya 15 inamtaka mwanamume aliyetokwa na shahawa aoge na kungoja jioni tu, bila kumdai sadaka ya dhambi. Kumweleza mvulana kwamba mabadiliko hayo ni kazi ya homoni katika mwili alioumbiwa na Mungu si kulegeza mafundisho ya Kanisa. Vilevile aelezwe kwamba kuvutiwa na msichana si dhambi, kwa kuwa Waebrania 4:15 inatuambia kwamba Bwana Yesu mwenyewe alijaribiwa sawasawa na sisi, bila kufanya dhambi.

Dhambi inaanzia pale mtu anapoamua kumfanya mwenzake kuwa kitu cha kutumiwa, na hapo ndipo Mathayo 5:28 inapowahusu wanaume moja kwa moja: "kila mtu atazamaye mwanamke kwa kumtamani, amekwisha kuzini naye moyoni mwake." Anayeshtakiwa hapo ni mwenye macho, wala mavazi ya anayetazamwa hayakutajwa. Hata Daudi alipomwona Bathsheba akioga na kutuma watu wamlete, nabii Nathani alitumwa kwa mfalme, akamwambia kwamba mkosaji ni yeye: "Wewe ndiwe mtu huyo." Nimesikia mahubiri yanayomlaumu Bathsheba kwa kuoga mahali pa kuonekana, na huwa nasikitika sana, kwa sababu mvulana anayekua akiamini kwamba tamaa yake ni kosa la msichana ndiye kesho atakayekuwa mwalimu au meneja anayedai rushwa ya ngono, na bado akajiona hana hatia.

Picha za ngono zilizojaa kwenye simu zinamfundisha jambo hilohilo, yaani kutazama miili bila kumjali mwenye mwili, na Kanisa likinyamaza, simu ndiyo itakayokuwa mwalimu wake.

Wala tusiwafundishe makatazo peke yake. Mithali 5:18 inamwambia mwanamume amfurahie mke wa ujana wake, na Paulo, katika 1 Wakorintho 7:4, anasema kwamba mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe, kisha anaongeza papo hapo kwamba mume naye hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe. Nusu ya kwanza ya aya hiyo wanaume wengi wanaijua kwa moyo; nusu ya pili ni nadra kuisikia, hata siku ya harusi.

Jambo hili si geni katika Kanisa la nchi yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wamisionari wa Kianglikana kule Masasi, wakiongozwa na Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo, hawakulipiga marufuku jando, bali walilitengeneza upya likawa la Kikristo. Tunaweza kubishana kuhusu waliyoyaondoa na waliyoyabakiza, lakini walitambua kwamba mvulana anahitaji wanaume wazima wa kumkalisha chini na kumweleza.

Naziomba kamati za elimu ya Kikristo za sharika zetu ziweke katika mtaala wa kipaimara vipindi vya wavulana kuhusu mwili, tamaa na heshima kwa wanawake, vikifundishwa na wazee wa kanisa waliooa pamoja na daktari au muuguzi wa kiume, na wazazi waarifiwe mapema yatakayofundishwa.

Mwalimu wa kipaimara,
Moshi