Wafinyanzi wa Uganda tunahitaji tanuri la pamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze jambo ambalo sisi tunaofanya sanaa ya ufinyanzi nchini Uganda tumelizungumza mno baina yetu bila kulifikisha kwa wenye uwezo wa kulitatua. Jambo lenyewe ni moto. Udongo tunao, na vijana wanaoupenda wapo. Kinachotutawanya ni kukosa mahali pa kuchomea kazi zetu, kwa kuwa tanuri la kisasa ni ghali kulinunua na gharama ya kuliwasha haina mwisho, na msanii asiye nalo hulazimika ama kuiacha fani ama kubembeleza nafasi katika tanuri la mwingine.

Zamani haikuwa hivyo, na katika vijiji vingine mpaka leo si hivyo. Kaskazini na mashariki mwa nchi, ambako ufinyanzi kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake, vyungu hupangwa juu ya kuni uwanjani, hufunikwa kwa nyasi kavu, na majirani hushirikiana kuulinda moto hadi uishe. Moto wa namna hiyo ni wa muda mfupi na joto lake kwa kawaida halifiki nyuzi 1,000 za Selsiasi, lakini siku ya kuchoma ndiyo siku ya darasa: binti humwona mama yake mkubwa akivipasha vyungu joto kwanza ili unyevu utoke, hujifunza upande gani upepo unavuma, na akiharibikiwa hupata mtu wa kumweleza sababu papo hapo. Hata Buganda, ambako wafinyanzi wa Kabaka, yaani bajjona, walikuwa wanaume, ustadi wa kuvisugua vyombo kwa grafiti mpaka vikawa vyeusi vya kung'aa ulirithishwa ndani ya kundi. Sanaa hii nchini mwetu ni ya kale sana. Kichwa cha udongo kilichofukuliwa Luzira mwaka 1929, ambacho sasa kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London, ni ushahidi tosha.

Msanii wa leo amesoma zaidi na yuko peke yake zaidi. Elimu ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell huko Makerere mwaka 1937 imekua ikawa skuli kamili inayobeba jina lake, na Chuo Kikuu cha Kyambogo nacho kinafundisha fani hii. Mwanafunzi akiwa chuoni ana gurudumu, ana tanuri, ana ghala la malighafi na wenzake wa kushauriana nao; akishahitimu, vyote hivyo humponyoka kwa pamoja. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini wahitimu wengi ninaowafahamu hata hilo gae hawana, kwa sababu vyombo walivyovifinyanga viko rafuni, vimekauka, na havijawahi kuuona moto.

Wasomaji wasio wa fani hii huenda wakauliza kwa nini tusiendelee kuchoma uwanjani. Kwa chungu cha kupikia na mtungi wa maji, moto huo unafaa, na mtungi uliochomwa hivyo hupoza maji kwa sababu udongo wake bado unapitisha unyevu. Sahani ya mkahawa, kikombe cha chai au bakuli la kuuza nje ya nchi ni habari nyingine. Kazi hiyo huchomwa mara ya kwanza katika joto la karibu nyuzi 1,000, hupakwa gilezi, yaani uji wa madini unaoyeyuka motoni ukawa ngozi ya kioo, kisha hurudishwa motoni, na udongo mgumu usiopenyeza maji huhitaji nyuzi kati ya 1,200 na 1,300. Joto hilo halipatikani bila tanuri lililojengwa kwa vifaa vinavyostahimili moto mkali, wala haliwezi kuharakishwa: karibu na nyuzi 573 chembe za kwatzi zilizomo katika udongo hubadilika umbo kwa ghafla, na mwenye pupa ya kulifungua tanuri kabla halijapoa hukuta sahani zake zimepasuka.

Kwamba tanuri moja linaweza kujenga jamii nzima ya wasanii, Afrika imeshaonyesha. Miaka ya mwanzo ya 1950, Mwingereza Michael Cardew alianzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi mahali palipoitwa Abuja wakati ule, ambapo leo ni Suleja, nchini Nigeria. Mwaka 1954 alijiunga nacho mama mmoja wa Kigwari, Ladi Kwali, ambaye tayari alikuwa bingwa wa mitungi ya kufinyangwa kwa mkono yenye michoro ya wanyama. Hakuacha mkono wake wala michoro yake. Alichokipata pale ni gilezi na moto mkali, na leo sura yake imo katika noti ya naira 20. Miaka ya 1970 alifika kituoni hapo Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, akajifunza kwa Ladi Kwali na wanawake wenzake. Vyombo vyake vya kusuguliwa, visivyopakwa gilezi yoyote, sasa vinaheshimiwa dunia nzima. Mimi huuona mnyororo huo kuwa wa thamani kuliko maonyesho mengi: mama wa kijijini anamfundisha msanii aliyesoma Uingereza, kwa sababu tu kulikuwa na mahali walipoweza kukutana wakiwa na udongo mikononi.

Mfano wa pili unatoka mbali, ila unatuhusu kwa karibu. Mwaka 1951, huko Helena katika jimbo la Montana nchini Marekani, mwenye kiwanda cha matofali aliyeitwa Archie Bray aliwatengea wafinyanzi sehemu ya uwanja wa kiwanda chake. Miongoni mwa wa kwanza kufanya kazi hapo walikuwa Peter Voulkos na Rudy Autio, ambao baadaye walikuja kuwa majina makubwa ya sanaa hiyo nchini kwao. Sisi tuna kiwanda cha Uganda Clays pale Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 1950, na watu wake wanaujua udongo na moto kuliko wengi wetu. Tunacho pia Kituo cha Kitaifa cha Utamaduni, kinachosimamia Ukumbi wa Taifa wa Maigizo na jumba la sanaa la Nommo. Ombi langu ni kwamba kituo hicho, vyuo vyetu viwili na kiwanda hicho wakae meza moja na wafinyanzi, wakubaliane juu ya kiwanja, banda na tanuri moja la gesi.

Ninataja gesi kwa makusudi. Kuni zimekuwa adimu na misitu yetu haiwezi kubeba mzigo huo, na umeme ukikatika katikati ya kuchoma, kazi ya wiki kadhaa inaweza kuharibika.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza, kwamba mali ya wote hufa kwa kukosa mwenyewe. Tanuri la pamoja lina kanuni zake, na wanaolitumia huzishika kwa sababu uzembe wa mmoja humfikia jirani siku hiyo hiyo: chombo kimoja kilichoingizwa kikiwa na unyevu hupasuka kwa kishindo na kuvunja vya wenzake, na gilezi iliyopakwa nene hutiririka ikagandisha vyombo kwenye rafu. Kwa hiyo kila chombo kikaguliwe kabla hakijaingia, rafu zipakwe uji wa kaolini, yaani udongo mweupe unaostahimili moto, ada itozwe kwa nafasi ambayo kazi inachukua, na kuwe na daftari ambamo kila uchomaji unaandikwa saa kwa saa. Vumbi la silika lifutwe kwa maji, lisifagiliwe likiwa kavu, maana huharibu mapafu. Akina mama wafinyanzi kutoka vijijini wasitozwe ada. Walipwe kama walimu.

Lipo jambo jingine ambalo ni letu wenyewe, wala hakuna ofisi itakayotutatulia. Tumezoea kufichana michanganyiko ya gilezi. Nchi hii ina kaolini huko Mutaka, kuna felspa, madini yanayosaidia gilezi kuyeyuka, kuna mchanga mweupe wa kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini kila msanii anayajaribu haya peke yake chumbani, na akifanikiwa hufunga mdomo. Wasiofanikiwa huishia kuagiza unga wa gilezi kutoka ng'ambo kwa bei ya kuumiza. Ningependa daftari la michanganyiko liwekwe wazi kando ya lile la moto, na yeyote anayechoma pale aandike alichotumia, kiasi gani, na kilichotokea, hata kama kilichotokea ni hasara.

Kwa kuwa gazeti hili linasomwa pia na wafinyanzi wa Kenya, Tanzania na Kongo, ningewaomba wenye tanuri la ushirika huko kwao watuandikie kupitia ukurasa huu: wanagawanaje zamu, nani hushika ufunguo, na gharama ya gesi wanailipaje miezi ambayo soko limelala.

Wako mwaminifu,
Mfinyanzi, Mukono