Zimebaki sura tatu na mi nishajua nani anakufa

Shikamoo anti, na wasomaji wenzangu habari zenu. Najua wengi mnaandika humu mambo mazito ya ndoa na mirathi, langu mtaliona la kitoto lakini wiki ya pili hii sina raha nyumbani kwangu, naombeni mnisikilize.

Nina watoto wawili wa kiume, mmoja wa kumzaa ana miaka 11, mwingine ana 10 ni wa marehemu dada yangu, nilimchukua Korogwe mwaka jana baada ya arobaini ya mama yake. Ananiita mamdogo. Tupo Tanga mjini pamoja na mama mkwe, mume wangu dereva wa lori, yuko nyumbani wikendi na wikendi nyingine hatumuoni. Sasa huyu mdogo alivyokuja alikuwa haongei. Anakula, anaenda shule, anarudi, kimya. Kitu pekee nilichogundua kinamvuta ni stori, ndo nikaanza kuwasomea usiku, tumemaliza vya kwetu tulivyokuwa navyo afu nikaokota kimoja cha mtumba pale chini kwa wauza vitabu, elfu tatu tu, kinaitwa Northern Lights cha Mwingereza mmoja Philip Pullman, cha mwaka 1995, Marekani wanakiita The Golden Compass. Ni cha Kiingereza kwahiyo nasoma kimoyomoyo huku nawageuzia Kiswahili hapohapo.

Kwa ambao hamjakisoma, kwenye dunia ya kile kitabu roho ya mtu haikai ndani, iko nje inatembea nae kwa umbo la mnyama, anaongea nae, analala nae, na ya mtoto inabadilika badilika, leo ndege kesho paka, mpaka akikua ndo inatulia kwenye umbo moja. Wakitenganishwa mbali kidogo tu wote wawili wanaumia. Siku ya kwanza nilivyotafsiri yule mnyama nikasema "pepo", mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi, nikabadilisha chapuchapu nikasema "mwenza", basi mpaka leo ni mwenza. Na kuna kundi la watu wanaiba watoto wanawapeleka kaskazini kwenye barafu, hao nikawaita mumiani, hapo wala sikuhitaji kueleza kitu, wote wakavuta shuka.

Tukafika sura ya 12, tukaunganisha na ya 13. Binti wa kwenye kitabu, Lyra, anaenda usiku na dubu mpaka kwenye kibanda cha kukaushia samaki, anategemea kukuta mzimu, anamkuta mtoto wa kiume. Mumiani wameshamkata mwenza wake. Mtoto amekaa gizani amekumbatia samaki mkavu kifuani kama ndo mwenza wake, na anauliza tu mwenza wangu yuko wapi. Hakuna damu, hakuna jitu, hakuna mtu anapiga kelele. Jamani mi mtu mzima sauti ilinikatika. Lyra mwenyewe anataka kukimbia, sio kwa ubaya, ni vile kumuona mtu hana roho kwao ni kama sisi kumuona mtu hana uso. Usiku ule ule yule mtoto anakufa, na asubuhi Lyra anakuta watu wazima wamemnyang'anya yule samaki wamewapa mbwa. Anawaka kwa hasira, afu anachukua sarafu ya dhahabu anakwaruza jina la mwenza wa marehemu anamuwekea mdomoni.

Nikafunga kitabu. Kimya. Huyu mdogo akaniuliza, "Mamdogo, ile kanga ya mama, mtaifua?"

Anti, sijui kama umenielewa. Ana kanga ya mama yake analala nayo tangu aje, na siku za nyuma mama mkwe, kwa nia njema kabisa, aliwahi kuitia kwenye beseni la nguo, mtoto akaiwahi. Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau. Kesho yake nikamkuta ameikunja ameiweka chini kabisa kwenye begi la shule, na tangu siku hiyo anaenda nayo anarudi nayo.

Ukifikiria wamepita mangapi bila kutetereka utacheka. Juzi tumefika sura ya 20, madubu wawili wanapigana, mmoja anamng'oa mwenzie taya lote la chini linaruka kwenye theluji, akishamuua anamla moyo, wanangu walishangilia kama Simba kafunga goli. Kumbe kinachotisha sio meno. Mi mwenyewe shuleni tulisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ile jini alikuwemo na watu kugeuka manyani wamo, ila kilichoninyima usingizi ni Adili kuwachapa wale manyani kila usiku huku anajua ni ndugu zake wa damu. Na bibi yangu alitusimulia ya zimwi aliyemtia msichana kwenye ngoma akawa anazunguka nae vijijini, ngoma ikipigwa anaimba yeye. Ile ilikuwa inatisha mpaka unaogopa kwenda chooni, lakini mwisho mama anaijua sauti ya mwanae, anafungua ngoma, anamtoa, anajaza nyuki, zimwi kazi anayo. Tulikuwa tunalala.

Sasa hiki kitabu hakina huo mwisho, na hapa ndo tatizo langu lenyewe lilipo, maana nimeshatangulia kusoma peke yangu mpaka ukurasa wa mwisho (kama hutaki kujua ruka hapa).

Lyra ana rafiki yake Roger, mtoto wa jikoni, kaibiwa na hao mumiani, na safari yote ile Lyra anaenda kumuokoa kwasababu alijiapia. Anamuokoa kweli. Huyu mdogo kampenda Roger kufa, anamtaja shuleni, kachora. Halafu wanafika kwa baba yake Lyra huko juu mlimani, na baba akimuona mwanae anaingiwa na hofu kabisa, anamkatalia, sikukuita wewe. Afu anageuka anaona kuna mtoto wa pili nyuma. Anatulia. Anakuwa mpole, wakaoge, wapate chakula. Wewe msomaji unajiuliza kafurahia nini, mpaka unaelewa kwamba alikuwa anahitaji mtoto mmoja wa kumkata na mwenza wake, yoyote ilimradi asiwe wake, na Lyra kwa upendo wake wote ndo kamleta mwenyewe kwa mkono. Roger anakufa. Ule upole wa baba, sijawahi kusoma kitu kimenitisha vile.

Na mi ndo niliyemfata mtoto Korogwe. Nilimwambia twende kwetu, utakuwa salama. Namsomeaje hiyo?

Mume wangu anasema funga hicho kitabu, wasomee masomo ya shule. Nilivyomwambia mtoto anakisubiri akasema basi watafutie muvi yake, ya 2007, na ni kweli muvi imeishia kabla hawajafika huko kwa baba, Roger mzima. Ila huyu mkubwa keshahesabu sura, anajua ziko 23 na zimebaki tatu. Mama mkwe yeye anataka aitwe ustadhi amsomee mtoto dua, sijakataa, dua haidhuru.

Kitu kinachonichanganya zaidi ni kwamba anayeota usiku ni wangu wa kumzaa, ndo anakuja kugonga mlango saa nane. Huyu mdogo halii, haoti, na kila jioni akimaliza kula anakileta kitabu mwenyewe ananiwekea mapajani. Na ameanza kuongea! Aliniambia Lyra alifanya vizuri kuandika jina kwenye sarafu, maana bila hivyo yule mtoto angeondoka peke yake. Mwaka mzima hajawahi kuniambia sentensi ndefu hivyo kuhusu mtu aliyekufa. Sasa nikifunga si ndo naonekana na mimi nampa mbwa samaki wake?

Kuna mtu kazini kanishauri nibadilishe mwisho, Roger apone. Nilifikiria kwakweli. Lakini mkubwa anasoma Kiingereza vizuri, siku moja atakichukua pale kabatini, na mdogo alishadanganywa mara moja, wakati mama yake yuko hospitali watu wazima tulimwambia anarudi Jumapili. Nilikuwa mmoja wao.

Ninachouliza ni hivi: nimalizie kama kilivyoandikwa, au nikae nae kwanza mchana nimwambie Roger atakufa, tukifika asishtuke? Na kama kuna mtu kalea mtoto aliyefiwa na mama na amewahi kumsomea vitabu vya namna hii aniambie ilikuwaje, hata kama ilienda vibaya. Mume wangu anarudi Jumamosi, na alishasema akikikuta mezani anampa muuza karanga akafungie. Leo tena Luku imeisha, nimewaambia macho yananiuma.