Fundi akifunga waifai, abadilishe na jina la mtandao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu wanaofunga intaneti majumbani hapa Kigoma, pamoja na wateja wao. Ukipita mitaa ya Mwanga au Ujiji jioni na kufungua orodha ya waifai kwenye simu, utakuta majina mengi ni yaleyale yaliyotoka kiwandani: jina la kampuni iliyotengeneza ruta na tarakimu chache nyuma yake. Jina hilo linamjulisha kila mpita njia ruta ni ya kampuni gani, na kwa ruta nyingi za zamani nywila ya usimamizi, yaani ya kuingilia mipangilio ya ruta, inajulikana na kila mtu: admin.

Jina la mtandao si pambo. Katika WPA2, aina ya ulinzi wa waifai inayotumiwa sana, ufunguo mkuu hupatikana kwa kuchanganya nywila na jina la mtandao, hesabu ikirudiwa mara 4,096. Ndiyo maana wadukuzi huandaa mapema majedwali ya funguo zilizokwisha kukokotolewa kwa majina yanayotumiwa na wengi. Ukiwa na jina ulilolibuni mwenyewe, majedwali hayo hayafui dafu. Lakini nywila nayo ibadilishwe siku hiyohiyo, na isiwe namba ya simu, tabia iliyoenea mno. Namba zetu huanza na 06 au 07, hivyo zinabaki tarakimu nane tu za kukisia, na kompyuta yenye kadi nzuri ya picha huzimaliza kwa dakika chache.

Kazi yenyewe haichukui muda. Unganisha simu na waifai ya ruta hiyo, kisha zima data ya laini, maana simu ikitumia data haitaifikia ruta. Kwenye brauza andika namba iliyo kwenye kibandiko cha ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ruta za laini aghalabu 192.168.8.1. Hapo inatakiwa nywila ya usimamizi, siyo ya waifai, na wengi hukwama hapa. Ingia kwenye mipangilio ya waifai, futa kilichoandikwa penye SSID, yaani jina la mtandao, andika jina jipya, hifadhi. Mwisho ni herufi 32, na emoji moja hula angalau nafasi tatu au nne. Usiache nafasi tupu mwishoni: haionekani, lakini kifaa kinaihesabu. Jina la ukoo au namba ya nyumba pia visiwekwe.

Ukishahifadhi, simu itakatika palepale. Haijaharibika, inatafuta jina la zamani. Runinga, printa na kamera nazo zitahitaji kuunganishwa upya, na kamera nyingi hushika masafa ya 2.4 GHz pekee, kwa hiyo usiziunganishe na jina la masafa ya 5 GHz.

Tafadhali, mteja asikimbilie kitufe cha kurudisha ruta kiwandani. Kwenye ruta nyingi za faiba kinafuta hata akaunti ya kampuni ya intaneti, na nyumba inabaki bila mtandao mpaka fundi arudi. Kuficha jina nako hakulindi kitu, kwani simu zenyewe hulitangaza zinapolitafuta.

Mafundi, msiondoke kabla hamjamwachia mteja karatasi yenye jina la mtandao, nywila ya waifai na ile ya usimamizi. Siku atakaponunua ruta nyingine, akiiwekea jina, nywila na aina ileile ya ulinzi, vifaa vyote vitaingia vyenyewe.

Fundi mitandao,
Mwanga, Kigoma