Barua ya wazi: Mheshimiwa, tupe kanuni inayolingana na klabu ndogo

Kwa Mheshimiwa unayesimamia kanuni za usafiri wa anga nchini Kenya,

Salamu za heshima. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizoleta kwa mkono ziligongwa mhuri wa kupokelewa, zikaishia hapo. Juma lililopita tumearifiwa kwamba kibali chetu cha kufundisha urubani hakitaongezwa muda hadi tutimize masharti mapya. Cessna 152 yetu, ambayo ndiyo ndege pekee tunayofundishia, imeegeshwa.

Tumeagizwa tuwe na meneja mwajibikaji, mkuu wa mafunzo, msimamizi wa ubora na msimamizi wa usalama, kila cheo na mtu wake. Mheshimiwa, klabu hii inaendeshwa na walimu wawili na fundi anayekuja akiitwa. Mishahara hiyo tutaitoa wapi? Shule kubwa yenye ndege kumi itamudu. Sisi tutafunga.

Ndege isiporuka inaharibika. Mafuta ya injini yanashuka chini, unyevu unaingia kwenye silinda na kutu inaanza. Jana nilifungua kifuniko cha injini nikatoa nyasi kavu na vijiti: ndege wa porini wameshaanza kujenga kiota. Bima inadaiwa, kodi ya banda inadaiwa, nami mshahara wangu nimeusahau.

Mwanafunzi wetu mmoja amebakiza saa chache afikishe 40 za leseni ya rubani binafsi. Bado hajafanya safari ndefu ya peke yake, ile ya kilomita 270 yenye kutua katika viwanja viwili tofauti. Wazazi wake waliuza kipande cha shamba. Kila asubuhi ananipigia: "Mwalimu, leo tunaruka?" Nimjibu nini?

Nahisi haya yote yalishika kasi baada ya tarehe 5 Machi 2024, ndege ya mafunzo ilipogongana na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi na wawili waliokuwa kwenye ile ndogo wakafariki. Msiba ule ulituuma sote tunaofundisha. Lakini ndege zinazogongana angani zinahitaji mpangilio wa njia, mawasiliano ya redio na waongozaji wa kutosha. Msimamizi wa ubora aketiye ofisini hataziona.

Wala hatuombi tusikaguliwe. Njooni mkague ndege, vitabu na walimu, hata bila taarifa. Tunachoomba ni kipimo kinachotutosha. Kiambatisho cha 19 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga chenyewe kinataka mfumo wa usalama ulingane na ukubwa wa shirika. Ulaya waliliona tatizo hili hili, na mwaka 2018 wakaweka daraja la shule ndogo zinazofundisha leseni za chini kwa kuwasilisha tamko badala ya kusubiri kibali, kisha zinafuatiliwa. Anga ya Ulaya ina msongamano kuliko yetu.

Nakukumbusha pia Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013. Inataka wanaoguswa na kanuni washauriwe, na athari zake zipimwe pale gharama ni kubwa. Katika mkutano wetu wa mwisho na ofisi yako tuliahidiwa kwamba vilabu vitaitwa kabla ya lolote kuanza kutumika. Hatukuitwa. Tulichopata ni barua ya kutusimamisha.

Uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi una jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929 kwa ndege ndogo. Marubani wengi wa nchi hii walianza hivyo hivyo, kwenye ndege ya viti viwili.

Mheshimiwa, ombi ni moja: daraja la vilabu na shule ndogo zinazofundisha leseni ya rubani binafsi tu. Wakati mnaliandika, tuongezeeni muda wa kibali cha zamani ili wanafunzi waliokwisha kuanza wamalize. Kama muda mrefu hauwezekani, basi hata wa kutosha mwanafunzi huyu mmoja kukamilisha saa zake.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa urubani, Nairobi